Siku Niliyowatoa Nje Walionihoji

Mliponiaga pale ofisini na ile keki yenu tamu kupita kiasi, mmoja wenu aliniuliza nilifanyaje nikafaulu mahojiano ya kazi yangu ya kwanza ya uwakili. Alisema siku hizi mnafundishwa namna ya kukaa kitini, namna ya kusalimia, hata namna ya kutabasamu. Nikamjibu kwamba mimi niliipata kazi kwa kuwatoa chumbani watu waliokuwa wananihoji. Akacheka kwa adabu, kama mnavyocheka nikisema jambo mnalodhani ni la uzee. Sasa nimestaafu, sina kesi ya kukimbilia, na nitawaeleza ilivyokuwa. Habari za vyeo na mishahara mtaziona kwenye mafaili yenu wenyewe, mimi sitazigusa.

Mteja nitakayemtaja ameniruhusu kusimulia mambo yake yote. Nilimpigia simu kabla ya kushika kalamu. Alisema niandike, ila nisimfanye mjinga, kwa sababu ana wajukuu wanaosoma. Nitajitahidi.

Nilizaliwa na kukulia mtaa wa Kaloleni, Nairobi. Baba alikuwa mchongaji wa vinyago. Alichonga vifaru maisha yake yote, na sidhani alimwona kifaru hata mmoja akiwa hai. Mama aliuza mboga karibu na soko la Burma, kwa hivyo nyama ya kuchoma niliinusa zaidi ya nilivyoila. Nilisoma sheria kwa sababu nilipenda kubishana na nyumbani hapakuwa na mtu wa kubishana naye. Baba alikuwa mkimya, na mama alikuwa na jibu moja tu kwa kila hoja, yaani kukutuma dukani.

Uanagenzi niliufanya kwa Bwana Kimeu, wakili wa makamo aliyekuwa na ofisi ya chumba kimoja Shauri Moyo. Alikuwa na taipureta moja iliyokosa herufi ya G, na kila hati iliyotoka pale tulijazia G kwa kalamu. Siku yangu ya kwanza alinituma mahakama ya Makadara kuomba kesi iahirishwe. Nilikariri maneno yangu asubuhi nzima, nikavaa, nikasimama, nikavuta pumzi. Hakimu akaiahirisha kesi kabla sijafungua kinywa. Nilirudi ofisini nimenuna kana kwamba nimenyang'anywa kitu. Bwana Kimeu akaniambia, "Umeshinda na bado unalalamika? Wewe utakuwa wakili kweli."

Alinifundisha mambo mawili ambayo sikuyapata chuoni. La kwanza, usimuulize mtu mambo mazito ukiwa umeketi ng'ambo ya meza, kaa upande wake. La pili lilikuwa la kalamu. "Mtu akianza kukuficha jambo," alisema, "weka kalamu chini. Ukiendelea kuandika, atalazimika kuutetea uongo wake, maana ameuona umeandikwa." Macho yake yalipodhoofika alifunga ofisi akarudi kwao Kitui, na mimi nikabaki na cheti cha uwakili na mkoba.

Mkoba ule ndio ulikuwa ofisi yangu. Asubuhi nilienda Makadara nikasimama kwenye korido, na wakili aliyechelewa au aliyekuwa na kesi mbili kwa wakati mmoja akanipa faili nimshikie. Tulikuwa kikundi, wake kwa waume, tumevaa vizuri kuliko tulivyokula. Alasiri nilienda mjini kutafuta kazi ya kudumu. Mahojiano ya mjini wakati huo yalikuwa na swali moja lililovaa nguo tofauti. Wengine waliuliza, "Baba yako ni nani?" Wengine waliuliza ningeleta wateja gani. Nilipowaambia baba yangu huchonga vifaru, na wateja wangu watakuwa watu wa Burma na Industrial Area, walinishukuru kwa kuja. Nilihesabu mahojiano yale mpaka nikachoka, nikaacha.

Mwishowe mjomba wangu wa Machakos akanipatia nafasi ya ukarani katika chama cha ushirika cha kahawa. Alisema ataishikilia hadi mwisho wa mwezi. Baba aliendelea kuchonga. Mama ndiye aliyesema, akiwa anafunga mafungu ya sukuma wiki: "Mwikali, ukipata ofisi kabla ya mwezi kwisha, sawa. Usipopata, utaenda kwa mjomba wako. Siwezi kukuangalia ukizeekea kwenye korido." Nilijua nikienda Machakos sitarudi tena kwenye sheria. Ningekuwa karani mzuri mwenye hasira, na nina hakika wakulima wa kahawa hawakunikosea kitu cha kustahili adhabu hiyo.

Wiki hiyo hiyo nikasikia pale koridoni kwamba kampuni moja ya mawakili ya mjini inafungua tawi Jogoo Road, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Walitaka wakili mmoja wa kuliendesha. Nilipeleka barua kwa mkono wangu, na baada ya siku chache nikaitwa.

Nilifika mapema, nimevaa suti ya bluu aliyonishonea fundi wa pale Burma, yule aliyezoea zaidi sare za shule, kwa hivyo mifuko ilikuwa mikubwa kidogo. Tawi lenyewe lilikuwa bado linanuka rangi. Vyumba vilikuwa vimegawanywa kwa plaiwudi, na benchi la kungojea lilikuwa limeegemea hiyo plaiwudi. Tulioitwa tulikuwa watatu. Mmoja alikuwa kijana wa suti ya kijivu aliyekuwa tayari anafanya kazi mjini. Mwingine alikuwa dada aliyesomea sheria ng'ambo, mpole na mwenye manukato mazuri. Mwishoni mwa benchi aliketi mwanamume wa miaka kama thelathini, mkono wake wa kulia ndani ya mfuko wa koti. Nilidhani naye ni wakili, nikamwonea huruma kwa lile koti. Kumbe alikuwa mtihani wetu.

Bwana Gichohi, aliyekuwa mwenye kampuni, alitoka akatueleza utaratibu. Alikuwa mzee mnene, mwenye sauti ya kubembeleza watoto. Alisema haulizi watu sheria, kwa sababu sheria iko vitabuni na vitabu anavyo. Kila aliyeomba kazi kwake alimpa mteja halisi amhoji mbele yake, kisha amshauri kama kesi iendelee au iachwe. Kando yake alisimama mshirika wake, Bwana Omollo, mwembamba, mwenye kutazama saa. Nyuma yao alisimama Mutiso, karani wao, amekumbatia faili.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Yule mwanamume aliitwa Barasa, mkazi wa mtaa wa Huruma. Alidai alikatwa vidole viwili na mashine ya kukata mabati katika kiwanda fulani cha Industrial Area, akiwa kibarua pale. Kiwanda kilijibu kwamba hakijawahi kuajiri mtu yeyote anayeitwa Barasa, na orodha zao za vibarua ziliwaunga mkono. Tumaini pekee lilikuwa shahidi. Barasa mwenyewe alikuwa ameeleza kwamba wakati wa ajali nyapara, yaani msimamizi wa vibarua, alipiga kelele, "Wekesa, zima mashine!" Basi ofisi ikamtafuta huyo Wekesa. Mutiso alimsaka Huruma, akamsaka Mathare, akaishia kumpata Bungoma, akilima. Wekesa akasema kwa unyoofu kabisa kwamba siku hiyo hakuwepo kiwandani na hakuiona ajali. Kesi ikakwama hapo.

Aliingia kwanza suti ya kijivu. Kupitia ile plaiwudi tulimsikia vizuri kama redio. Alimuuliza Barasa maswali mengi, ya haraka, na Barasa akajibu "ndiyo, bwana" kwa karibu yote, hata yale yaliyopingana. Ushauri wake ulikuwa kesi iachwe. Akafuata dada wa ng'ambo. Yeye alisema Wekesa ni mwongo, aletwe kwa amri ya mahakama na abanwe. Nikasikia Bwana Gichohi akimshukuru kwa sauti ile ile aliyomshukuria mwenzake. Sikuwa na wazo la tatu.

Nilipoingia, Barasa alikuwa ameketi wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Umekunywa chai, ndugu yangu?" nikamuuliza.

"Bado, madam. Tangu asubuhi."

Nikamgeukia Mutiso nikamwomba atuletee chai. Bwana Omollo akatazama saa. Nikaburuta kiti changu kutoka ng'ambo ya meza nikakiweka kando ya Barasa, kikakwaruza sakafu yao mpya kwa kelele ya aibu. Chai ikaja. Nilimwacha anywe nusu kikombe. Tukaongea habari za Huruma, nani anakaa karibu na nani, maji yanatoka siku gani. Ndipo nikamwambia anieleze siku ya ajali, polepole.

"Nilikuwa nasukuma bati kwa mashine," akasema. "Bati ikakwama. Nikaingiza mkono kidogo, hivi. Nyapara akapiga kelele, 'Wekesa, zima mashine! Wekesa, zima!' Lakini ilikuwa imeshakata."

"Pole sana. Hiyo mashine inazimwa wapi?"

"Hapa chini, kwa mguu." Akainua mguu wake wa kulia akaushusha, kama mtu anayekanyaga breki.

"Mguu wa nani?"

"Wa yule anasukuma bati. Mwingine hawezi kufika."

Alisema hivyo kisha akatazama ndani ya kikombe. Kama swichi iko chini ya mguu wa anayesukuma bati, na anayesukuma bati ni Barasa, nyapara alikuwa na sababu gani ya kumpigia kelele mtu mwingine aizime?

"Na Wekesa alikuwa amesimama wapi?" nikauliza taratibu.

"Karibu tu."

"Karibu na nani?"

Akakizungusha kikombe mezani. Nikaweka kalamu chini.

Hapa lazima niwaambie jambo la kwetu, maana wengi wenu mmekulia kwenye nyumba zenye majina ya wazazi wenu. Nyumba yetu ya Kaloleni ilikuwa ya kanjo, yaani ya Baraza la Jiji, na kadi ya kodi ilikuwa na jina la Mzee Otieno, Mjaluo. Mzee Otieno alirudi kwao mimi sijazaliwa, akamwachia baba nyumba, na kadi ikabaki kama ilivyokuwa. Maofisa wa kanjo walipokuja kukagua, sisi watoto tulifundishwa kusema kwamba sisi ni jamaa ya Otieno. Tulisema hivyo kwa lafudhi ya Kikamba iliyonyooka, na ofisa, ambaye hakuwa kiziwi, aliitikia kwa kichwa akaenda nyumba ya pili. Nyumba nyingi za mitaa ya Eastlands zilikaliwa hivyo. Na kwenye mageti ya viwanda, ambako majina ya vibarua yaliitwa kila asubuhi, ilikuwa vile vile. Mtu akipata msiba kwao, akijua akikosekana wiki mbili nafasi yake itachukuliwa, alimtuma ndugu yake akaitikie jina lake. Nyapara alijua na wenzake walijua. Aliyekuwa hajui ni bosi wa juu tu, na yeye hakuwahi kushuka kuwatazama vibarua usoni.

Sasa nilijua Wekesa ni nani. Lakini kujua kwangu hakukusaidia kitu kama Barasa mwenyewe hakusema, na nilimwona wazi kwamba hawezi kusema mbele ya wanaume wawili wenye tai na karani mwenye faili. Nikasimama.

"Waheshimiwa," nikasema, "naomba mnipishe nizungumze na mteja peke yake."

Bwana Omollo akadhani hakusikia vizuri. "Unataka tutoke?"

"Ndiyo, bwana."

"Binti, wewe ndiye unayehojiwa."

"Najua. Lakini huyu ana jambo la kumwambia wakili, na wakili hamhoji mteja mbele ya hadhara."

"Hadhara ni sisi? Hii ni ofisi yetu!"

"Ndiyo maana naomba, bwana, siamuru." Mdomo ulikuwa umeshaanza na haukutaka kurudi. "Na tafadhali msisimame hapo nje. Shukeni mpaka chini. Ukuta huu ni wa plaiwudi, wenzangu wote wawili nimewasikia neno kwa neno."

Nilimwona Mutiso akificha kicheko nyuma ya faili. Bwana Gichohi akainuka kwa kuegemea meza. "Twende, Omollo," akasema. "Tangu asubuhi harufu ya Burma inaniita. Tukaagize nyama." Nikasikia hatua zao zikishuka ngazi, za Bwana Omollo zikilalamika.

Tulipobaki wawili, nikarudi kuketi kando ya Barasa.

"Pale getini walikuita nani?" nikamuuliza.

Machozi yalimjia kabla ya jibu. "Dada, nikisema nitafungwa?"

Kutoka "madam" nilikuwa nimekuwa "dada", na hapo nikajua atasema. Akanieleza yote. Wekesa ni mtoto wa ami yake. Alienda kwao kumzika baba yake, akamwomba Barasa amshikie nafasi. Mazishi yakageuka kesi ya shamba, wiki zikawa miezi, Wekesa hakurudi, na Barasa akaendelea kuitikia jina lile kila asubuhi. Alipokatwa, wenzake walimwonya kwamba akifichua atashtakiwa kwa udanganyifu, na Wekesa naye atakamatwa Bungoma. Kwa hivyo alifungua kesi kwa jina lake la kweli, akiomba Mungu mahakama isiulize sana. Alipoona ofisi inamtafuta Wekesa kama shahidi, aliogopa kuwakatiza. "Wasomi wanakimbia, nitawasimamisha aje?" akasema.

Nilimweleza habari ya nyumba yetu na Mzee Otieno. Nikamweleza kwamba mwenye kiwanda ana wajibu wa kumlinda mtu anayefanya kazi kwenye mashine yake, kwa kuwa ni mtu na yuko pale. Nikamwambia ukweli pia: wangeweza kumsumbua kuhusu jina, na sikuweza kumwahidi ushindi. Niliweza kumwahidi jambo moja tu, kwamba sitamwambia mtu yeyote mpaka yeye akubali. Akaniuliza kama hao mabwana nao ni mtu yeyote. Nikasema ndiyo.

Nafikiri ahadi ile niliitoa haraka kuliko akili yangu. Nilipowaona wakirudi, Bwana Omollo akijifuta mdomo, ndipo nilipoelewa nimejiweka wapi.

"Haya," akasema Bwana Omollo. "Amesema nini?"

"Ushauri wangu ni kwamba kesi iendelee. Ina nguvu."

"Kwa sababu gani?"

"Siwezi kusema, bwana. Nimemwahidi."

Uso wake ulibadilika. "Mteja huyu ni wetu. Wewe hujaajiriwa hapa. Unatufichia siri ya mteja wetu ili tukuajiri?"

"Hapana, bwana. Hata mkiniajiri, asipokubali sitasema."

"Basi umekuja kutupotezea wakati."

Nilimtazama Bwana Gichohi nikaona sura ile ile ya mahojiano ya mjini, sura ya kushukuriwa kwa kuja. Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Nawaambia wazi, niliogopa. Nilikiona chama cha ushirika cha kahawa, nikaiona hata meza yangu, iko karibu na mlango, inapigwa na vumbi. Lakini nilijua pia kwamba kama ningeifungua siri ya mtu yule ili nipate kiti, kiti chenyewe kingenichoma kila siku.

Barasa ndiye aliyesimama. Alitoa mkono kwenye mfuko wa koti, ule aliokuwa akiuficha tangu asubuhi, akauweka mezani vidole vilivyobaki vikionekana.

"Wazee," akasema, "msimfukuze huyu dada. Nyinyi mmemtafuta Wekesa mwaka mzima. Yeye amempata leo, na chai bado haijaisha." Akajigusa kifua. "Wekesa ni mimi."

Mutiso, aliyekuwa amerudi nao, akaliangusha faili. "Nimeenda mpaka Bungoma!" akapiga kelele. "Nimenyeshewa! Na ulikuwa unanisindikiza mpaka stendi!"

"Nisamehe, mzee," Barasa akasema. "Niliona umeshakata tikiti."

Bwana Gichohi alicheka mpaka akashika tumbo. Alipotulia, Barasa aliwaeleza yote, na safari hii hakumwita mtu "bwana" hata mara moja. Suti ya kijivu na dada wa ng'ambo walikuwa bado wako nje kwenye benchi. Nadhani plaiwudi iliwafikishia matokeo kabla ya mtu yeyote kuwaambia.

Bwana Omollo hakuwa mtu wa kushindwa mara moja. Alisema wakili anayejua mitaa ni jambo moja, na wakili anayeweza kushinda kortini ni jambo lingine. Akapendekeza nipewe faili lile moja, nifanye kazi kwa majaribio. Likianguka, na mimi nianguke nalo. Bwana Gichohi akaniuliza kama nakubali. Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Jioni ile nilimwandikia mjomba aiachilie ile nafasi ya Machakos. Mama alisoma barua kabla sijaifunga, akauliza, "Na kesi ikianguka?" Nikamwambia sijui. Akasema sawa, akanituma dukani.

Miezi iliyofuata nilijifunza kazi yenyewe. Nilirekebisha madai nikaeleza wazi kwamba Barasa alifanya kazi kwa jina la Wekesa, nani alimtuma na kwa nini. Wenzangu wa korido walisema nimejichimbia kaburi, kwa nini nimpe adui habari? Lakini jambo ambalo mteja wako anaogopa lisemwe, liseme wewe kwanza. Kiwanda kikajibu kwa ukaidi kwamba Wekesa wao ni mtu mmoja, hawajui habari za Barasa kwa jina lolote, na nyapara wao atakuja kushuhudia hivyo. Wekesa wa kweli alikubali kuja kutoka Bungoma kuwa shahidi wangu, baada ya Mutiso kwenda tena. Safari hii Mutiso alirudi na kuku.

Siku ya kesi, Makadara, pale pale nilipokuwa nikisimama na mkoba, nilifika na Barasa mapema. Wekesa hakuwepo. Basi la usiku lilikuwa limeharibika njiani, tukapata habari kwa simu ya ofisi kwamba atafika mchana kama Mungu akipenda. Hakimu alikuwa ameshaonya kwamba hataahirisha tena. Bwana Omollo alikuwa amekuja, ameketi kwenye benchi la korido na mfuko wa karanga. Alisema amepita tu. Alikuwa amepita kutoka mjini mpaka Makadara asubuhi na mapema ili aone nikianguka, au aone nikisimama, sikujua lipi. Nilimweleza kuhusu basi. Akatafuna karanga, akasema, "Sasa utafanya nini?" Nikafungua faili nikaanza kulisoma upya.

Wakili wa kiwanda akatokea mlangoni, mtu wa jina kubwa mjini, joho mkononi. Nyuma yake alitembea nyapara. Alikuwa mzee mwenye mabega mapana, amevaa koti la Jumapili, na alionekana kama mtu aliyekariri maneno njia nzima. Walikuwa wanakuja upande wetu. Nyapara akainua macho akamwona Barasa. Uso ukamfunguka wote.

"Wekesa!" akapiga kelele, mkono umenyooshwa. "Niaje, kijana yangu? Mkono imepona?"

Barasa akamshika mkono, kwa ule mkono wenyewe. Hata yeye alisahau tulikuwa wapi. "Imepona kidogo, mzee. Mama na watoto wako aje?"

"Wako sawa. Tulikuwa tunauliza uko wapi..." Hapo nyapara akakumbuka amekuja kufanya nini. Akauachia mkono polepole, akamtazama wakili wake. Wakili wake alikuwa amesimama katikati ya korido, joho limemshuka mkononi. Kila mtu alikuwa amesikia, hata karani wa mahakama aliyekuwa akiita majina. Simlaumu nyapara yule, na wala sikumcheka. Alikuwa amekubali kwa midomo kusema hamjui, lakini alipomwona mtu aliyefanya naye kazi, salamu ilitoka kabla ya uongo. Furaha iliyonishika nilitaka kuipigia kigelegele mle mle ndani ya korti.

Wakili wa kiwanda alimvuta nyapara kando wakanong'onezana. Nyapara alikuwa anatikisa kichwa, anakataa kwenda kusema hamjui. Kisha wakili akajikohoza, akanipita kama asiyeniona, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Omollo.

"Bwana Omollo," akasema, "nadhani tunaweza kulimaliza jambo hili bila kumsumbua hakimu. Tuzungumze mimi na wewe?"

Bwana Omollo alitafuna karanga yake mpaka ikaisha. Hakutazama saa. "Mimi nimekuja kutazama tu," akasema, akanielekeza kwa kidevu. "Zungumza na wakili wetu."

Wakili wa jina kubwa akageuka, na kwa mara ya kwanza akanitazama. Nikaliweka faili kwapani nikamwonyesha benchi tupu mwisho wa korido.

"Tukae pale," nikamwambia. "Na mteja wangu atakaa nasi."